Kiraka Juu ya Herufi za Mama

Mahali palipotakiwa kuwa na jina la mama, mashine ilikuwa imetarizi vijumba. Vijumba vitupu vya pembe nne, kimoja kando ya kingine, kwa uzi wa bluu iliyopauka, mishono imebanana vizuri, hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Nililiinua lile blanketi la mtoto nikalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ungesema ni mtaa ambao wenyeji wake wamehama wote siku moja.

"Ndivyo inavyofanya tangu juzi," alisema shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Yeye ni fundi rangi, na alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake yenye madoa ya kuta za watu. "Nimeizima, nimeiwasha. Nimeipuliza vumbi. Nimeiomba pia."

"Umeiomba vipi?"

"Kwa heshima, shemeji."

Mimi ni fundi wa kompyuta, na hasira zangu ziko karibu. Wanaonijua huniachia mashine zao kisha husogea pembeni kidogo. Mdogo wangu ana duka la kutarizi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama: majina kwenye sweta za wanafunzi, nembo kwenye sare za kazi, maua kwenye mapazia. Mashine yake ya kutarizi huongozwa na kompyuta ya zamani sana ambayo niliiwekea mfumo mwepesi wa Linux baada ya mifumo mizito kuishinda. Tunaiita Kobe. Kobe haina haraka, lakini haijawahi kutuangusha, ndiyo maana nilikuwa nimeshakasirika kabla hata sijavuta kiti.

Mdogo wangu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amelazwa akisubiri kujifungua, na daktari alimkataza hata kuinuka kwenda dirishani. Simu yake ndiyo iliyonitoa kwangu, safari ya nusu siku. "Dada, njoo," aliniambia. "Herufi za mama zimepotea. Nataka mwanangu atoke hapa amefunikwa na jina lake, na jina liwe kwa mkono wa mama. Usije ukaniletea herufi nyingine." Mtoto alikuwa wa kike, walishaambiwa, na mdogo wangu alikuwa ameamua zamani kwamba atamwita jina la bibi yake, yaani mama yetu. Nikafunga begi.

Na mama alikuwa palepale dukani, kwenye kiti chake cha mikono kando ya pazia, mkono wa kulia umelala mapajani. Mkono huo haukuwa na kazi tena tangu kiharusi cha mwaka uliopita. Maneno yake yalirudi, ila yalikuja polepole, kila moja limepumzika kwanza.

"Umekula?" aliniuliza.

"Nimekula, mama."

"Muongo," alisema, akarudi kutazama nje.

Chumba kile hakijawahi kufuata saa za watu. Pazia jeupe huifanya asubuhi ifanane na alasiri, na vumbi laini la nyuzi huelea hewani bila kushuka. Ukikaa sana unaanza kuhisi kwamba vumbi ndilo limetulia, wewe ndiye unayeelea. Nililelewa humo. Kila nikirudi, huwa najikuta nazungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Niseme kwanza herufi za mama ni nini. Kabla ya mashine kuja, mama alikuwa mchoraji wa mishono. Watu walimletea vitambaa, naye aliwachorea majina kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akaibana juu ya kitambaa, ndipo sindano ikafuata. Mwandiko wake ulijulikana. Herufi zilisimama wima, halafu mwishoni zikainama kidogo, kama mtu anayechungulia kwa jirani na hataki aonekane. Na alikuwa na mtindo wake: akikosea, hakufuta. Ufutio aliuchukia, alisema unaiachia karatasi makovu. Alikata kipande cha karatasi nyeupe, akakibandika juu ya kosa, akachora upya. Akibadili mawazo alikibandua, na mchoro wa kwanza ulikuwepo chini yake, mzima, haujaguswa. Vipande hivyo aliviita viraka. Sisi watoto tulivikuta kila mahali: sakafuni, kwenye nywele zake, siku moja ndani ya bakuli la sukari.

Macho yalipoanza kumchosha niliziskani herufi zake zote, kubwa na ndogo, nikazitengenezea kifurushi cha kuongezwa kwenye mfumo wa Kobe. Nilikiita mkono-wa-mama. Ukiandika jina lolote, mashine ililitarizi kwa mwandiko wake. Alifurahi mno. Alijifunza kuiendesha Kobe yeye mwenyewe, akawa anawatambia wateja kwamba sasa ana mkono wa pili, tena usiochoka. Halafu kiharusi kikaja kikachukua ule wa kwanza.

Nikakaa mbele ya Kobe, nikakunja mikono ya blauzi.

Mfumo wake hauishi ndani yake. Unaishi kwenye flashi ndogo iliyochomekwa ubavuni, na kila ukiwasha, unapanda kwenye kumbukumbu ukiwa mpya kabisa, kama mtu aliyeamka bila kujua jana ilikuwaje. Kisha unatandikiwa vifurushi, kimoja baada ya kingine, kama mashuka: cha kutarizi, cha kuchora, cha herufi. Shuka la juu kabisa ni la kwako wewe mtumiaji, lile linalobeba kila ulichokiandika na kila ulichokibadilisha. Unapotazama kwenye skrini, unayaona mashuka yote kwa pamoja na unadhani ni kitu kimoja. Kifurushi cha herufi kisipotandikwa, mashine haijui umbo la herufi iliyoombwa, basi inachora kijumba kusema kwamba hapa palitakiwa pawe na mtu.

Nilianza na mambo ya wazi. Kifurushi kilikuwepo kwenye flashi? Kilikuwepo. Kilikuwa kizima, hakijaharibika njiani? Nilikilinganisha na nakala niliyokuja nayo, vikafanana hadi herufi ya mwisho. Vifurushi vyenza ambavyo hiki hakiwezi kufanya kazi bila hivyo vilikuwepo pia, kila kimoja mahali pake.

"Nani ameigusa hii flashi?" niliuliza.

Shemeji alikohoa. "Niliweka nyimbo."

"Nyimbo?"

"Chache tu, shemeji. Za kazini. Ukuta bila wimbo haukauki."

Nilizitazama zile nyimbo chache. Zilikuwa zimeijaza flashi mpaka mlangoni. Nilimpa maneno yake, na nilimpa ya kutosha, naye akayapokea ameinamisha kichwa. Nikazifuta, nikaizima Kobe, nikaiwasha, nikaandika jina. Vijumba. Nyimbo hazikuwa na hatia, ila msamaha sikumwomba papo hapo. Nilimwambia tu aende hospitali akampelekee mke wake chakula, na kwamba akirudi atakuta blanketi tayari. Aliondoka haraka kuliko nilivyotarajia.

Tukabaki mimi na mama.

Nilikipakia kifurushi kwa mkono, kwa amri, nikitazama kila mstari unavyojibu. Kobe ilijibu kwamba imekipakia. Haikulalamika, haikusita. Nikaenda kwenye folda ya herufi, na folda haikuwepo. Nikarudia. Imepakiwa. Nikatazama. Hakuna. Mara nyingi kifurushi kikikataa, kinakataa kwa kelele: kinataja kinachokosekana, kinataja toleo lisilolingana, kinakupa pa kushika. Hiki kiliingia kwa adabu, kikaketi, na hakikuonekana.

"Kinaingia," nilisema kwa sauti, "na hakipo."

"Hutokea," alisema mama.

Jua lilisogea kwenye pazia. Nilijaribu hili na lile mpaka macho yakaanza kuona mishono kwenye ukuta. Nadhani nilisinzia, maana kichwa kilikuwa juu ya marobota ya kitambaa na mtu alikuwa ananitandikia mashuka. Shuka moja, la pili, la tatu, mepesi, yananukia pasi. Chini yangu kulikuwa na kitu kidogo kigumu, nami nilikipapasa kupitia kitambaa, nikakijua umbo lake, nikawa natafuta ncha ya shuka nikifikie. Kila ncha niliyoinua ilikuwa na shuka lingine. Sikuwa na hofu. Nilikuwa tu na hamu, hamu ya kitoto, na mahali fulani juu yangu nilisikia mkasi ukikata karatasi.

Niliposhtuka, mate yalikuwa yamelowesha kitambaa cha mteja, na mkasi ulikuwa wa kweli: jirani alikuwa anakata maboksi uani. Ila nilikuwa nimeamka na jibu nusu. Nilikuwa natafuta kwenye mashuka ya chini, na ya chini yote yalikuwa sawa. Sikuwa nimelitazama shuka la juu.

Kuna njia ya kuiwasha Kobe bila shuka lile, ikaamka tupu bila kumbukumbu zenu zozote. Nikaiwasha hivyo. Nikakipakia kifurushi. Nikaandika jina la mama, taratibu, kama mtu anayeita chumba chenye giza.

Zikatokea. Zilisimama wima kwenye skrini ile hafifu, na mwishoni zikainama, zinachungulia. Nilikuwa sijaziona tangu mama aanguke, na nilikuwa nimejiambia kwamba ni herufi tu. Hazikuwa herufi tu. Ni yeye wakati ule akiimba na pini mdomoni.

"Zimerudi?" aliuliza nyuma yangu.

"Zimerudi, mama. Njoo, nikusogezee kiti uone."

Nilipogeuka, alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

Ningeweza kutarizi palepale. Blanketi lilikuwa kwenye fremu, vile vijumba nilishavifumua, uzi umeshapitishwa, na kidole changu kilikuwa karibu na kitufe. Lakini mimi siwezi kuondoka kabla sijaliona kosa uso kwa uso, ni ugonjwa wangu. Na ule uso ulioelekea ukutani ulikuwa umenigusa mahali. Niliiwasha Kobe upya, safari hii na shuka lake la juu, herufi zikapotea tena kama nilivyotegemea, nikaingia kwenye shuka lile na kuanza kulipekua pindo kwa pindo.

Ilikuwa ni faili moja, tupu, imefichwa, yenye jina la folda ya herufi na alama fupi mbele yake. Niliifahamu mara moja. Ukifuta kitu kilicho kwenye shuka la chini, mfumo huu hauwezi kukifuta, maana mashuka ya chini hayaandikiki. Unachofanya ni kuweka alama kwenye shuka la juu, kusema: hapa usione kitu. Kitu chenyewe kipo, kizima, haijalishi utakipakia mara ngapi. Alama inakaa juu yake na kukifunika.

Nilimfundisha mama jambo hilo mwenyewe, kwenye kiti hikihiki. Aliniuliza, "Nikifuta, kinakwenda wapi?" Nikamwambia hakiendi popote, ni kama viraka vyako. Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu faili hizo hazikuwa na jina lingine.

Mdogo wangu alikuwa kitandani hospitali siku nyingi. Shemeji anajua kuweka nyimbo na kubonyeza kitufe cha kutarizi, zaidi ya hapo hajui. Nilikuwa na huzuni na hasira, na sikujua ipi nianze nayo.

"Mama," nilisema. "Umeweka kiraka."

Aliugeuza uso polepole. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu aliyesikia hodi aliyoingojea.

"Umechelewa kukiona," alisema. "Zamani ulikuwa mwepesi."

"Kwa nini?"

Alipumzisha neno la kwanza kwa muda mrefu. Nje, jirani alimaliza maboksi yake.

"Alikuja mama mmoja kuchukua sweta," alisema. "Akalishika jina, akalisifu. Akaniambia, mkono wako haujazeeka hata kidogo. Na mkono ulikuwa hapa." Aliutazama mapajani. "Asubuhi ile ulikuwa umeshindwa kifungo. Kimoja. Mdogo wako ndiye aliyenifunga, kama mtoto. Nikamjibu yule mama, ahsante."

Alikuwa anaokota maneno, na nilijua nikisema atayaangusha.

"Kila siku mkono unafanya kazi humo," alisema, akiionyesha Kobe kwa kidevu. "Unaandika watu nisiowajua. Mimi nakaa nausikiliza. Halafu akaja mdogo wako na tumbo lake, ameshika blanketi, anaimba. Anasema ataitwa jina langu. Alisema hivyo kwa mumewe, mimi nikiwa hapa." Pumzi. "Mkono wangu mmeuweka humo. Jina mnampa mtoto. Mimi nibaki na nini?"

Iliniuma, tena iliniuma kwa sababu sote tulidhani tunamheshimu. Niliinuka nikaenda kukaa sakafuni karibu na miguu yake, kwenye mabaki ya nyuzi, mahali nilipokuwa nakaa nikiwa mdogo.

"Ungeweza kuzifuta moja kwa moja," nilimwambia baadaye. "Ungekitoa kifurushi kwenye flashi. Njia unaijua."

"Naijua."

"Kwa nini hukufanya hivyo?"

"Ningetaka kuziua ningeziua," alisema mama. "Niliweka kiraka."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Kuulizwa."

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebana meno. "Dada, uchungu umeanza. Nataka kujua tu, herufi zimepatikana?"

Nilimtazama mama. "Zipo," nilisema. "Hazijapotea. Kuna mtu namuuliza ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Dada, sina muda wa—" Akakatika, akapumua kwa nguvu, nikasikia muuguzi akimwambia aweke simu chini. Akaiweka.

Basi nikamuuliza. Sijawahi kumuuliza mama jambo zito, katika familia yetu mambo mazito huamuliwa jikoni kisha mwenyewe huletewa habari. Nilijisikia mjinga, nimeketi sakafuni na nyuzi zimenishika sketi. "Mama, mdogo wangu anaomba jina lako ampe mwanawe. Anaomba na mkono wako umwandikie. Ukikataa nitamwambia umekataa, na hatakuchukia. Nitahakikisha."

"Utampigia kelele."

"Kidogo."

Alitabasamu upande mmoja, upande unaomtii. Kisha akalitazama pazia kwa muda mrefu, na vumbi la nyuzi lililokuwa likipita mbele yake, mpaka nikafikiri amelala macho wazi.

"Atakuwa na kichwa kikubwa," alisema mwishowe. "Kama cha baba yake. Maskini, atahitaji jina zuri." Akaushika mkono wangu kwa wa kushoto. "Kibandue. Hapana. Nisogeze. Nakibandua mwenyewe."

Niliburuta kiti mpaka mbele ya Kobe. Aliandika amri kwa kidole kimoja cha kushoto, akitafuta kila kitufe kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga kwenye matope. Alikosea, akarudi, akakosea tena mahali palepale. Nilijiuma ulimi. Alipobonyeza kitufe cha mwisho hapakutokea kitu, kwa sababu mfumo huu ukifanikiwa hunyamaza. Tukaizima Kobe, tukaiwasha, tukakaa tukitazama mashuka yanavyotandikwa upya, mstari mmoja mmoja, bila haraka. Nikaandika jina. Lilikuwepo.

Mashine ya kutarizi ina jambo moja ambalo wageni hulishangaa. Sindano haiendi popote. Inapanda na kushuka mahali pamoja, na fremu iliyobana kitambaa ndiyo inayotembea chini yake, mbele, nyuma, kando, ikiuchora mwandiko mzima. Nilikuwa nimeshaibonyeza ianze pale mama alipoubeba mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayebeba samaki, akaulaza kwenye ukingo wa fremu, mbali na sindano.

"Mama, toa. Fremu haitaki uzito. Mishono itapotoka."

"Mkono wenyewe haupo," alisema. "Uzito utautoa wapi?"

Nilinyoosha kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Halafu fremu ikaenda, na mkono ukaenda nayo.

Ukapanda na mstari wa herufi ya kwanza. Ukashuka. Ukaenda kando, ukarudi, ukakunja kona ndogo ambayo nimeiona tangu nizaliwe, na mwishoni ukainama. Vidole vilikuwa vimelegea juu ya ukingo, vinapelekwa, na ilikuwa ni njia viliyoijua tangu zamani. Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilitaja kila pindo kabla sindano haijalifikia. Mashine iliguna kidogo kwa ule uzito aliosema haupo, herufi zikatoka na kigugumizi, ya pili imepepesuka, ya tatu imepanda juu ya mwenzake. Kidole changu kilikuwa bado hewani. Nikakirudisha mapajani, nikalia, sikuona sababu ya kujizuia.

Sindano iliposimama, mkono wake ulibaki palepale. Hakuuondoa upesi.

"Sasa rudisha kiraka," alisema.

"Na wateja?"

"Wape herufi za kiwandani. Wakiuliza, sema mwenye mkono amepumzika."

Nikakirudisha. Sikubishana.

Shemeji alirudi anakimbia, viatu tofauti miguuni, akisema mtoto ameshafika, wote wazima, analia kama king'ora, blanketi liko wapi. Nilimwomba msamaha wa nyimbo, naye hakusikia hata neno. Alilikunjua lile blanketi, akalitazama jina, akanitazama mimi kwa huruma.

"Shemeji, mashine bado ina kasoro?"

"Mashine haina kasoro. Peleka."

Akaenda. Nilimtengenezea mama chai, nikala mkate wote aliojua tangu asubuhi kwamba nauhitaji. Mwanga kwenye pazia ulikuwa umegeuka wa rangi ya chai yenyewe simu ilipolia. Nilisikia pumzi ya mdogo wangu, na karibu nayo kilio kidogo chenye ghadhabu nyingi. Nikajua kuna mtu amerithi hasira zangu.

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Hizi si zile za kwenye mashine. Nazijua za kwenye mashine. Nani ameandika hapa?"

Nilimwekea mama simu sikioni. Aliutazama mkono wake, uliokuwa umelala mapajani kama kawaida, akalitafuta neno, akalipumzisha.

"Mimi," alisema.